Vidonge vya Mikono

Watu walianza kumpongeza Fundi kwa kunenepa mwaka uleule ngozi yake ilipoanza kuchanika. Mashavu yalimjaa, shingo ikafanya mikunjo, tumbo likawa linatangulia mlangoni. Shemeji yake, ambaye hakuwa amemwona kwa muda mrefu, alimshika mabega akamgeuza huku na huku kama mtu anayekagua kabati, akasema, "Shemeji, maisha yamekukubali!" Mkewe alisimama pembeni akitabasamu. Mbele ya ndugu zake, mume aliyenawiri namna ile alikuwa cheti tosha.

Fundi mwenyewe hakutabasamu sana. Alijua kwamba unene wote ulikaa juu. Huku chini, miguu ilikuwa imekonda, na ngozi ya mikono ilikuwa na mabaka ya zambarau kama ya mtu aliyepigwa. Akigusa kona ya meza kidogo tu, ngozi inafunguka. Alipoulizwa, alijibu kwa mzaha, "Ngozi ya kiwandani imeisha, hii ni ya karatasi."

Alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chini ya jengo la ghorofa mbili, kati ya duka la vioo na ofisi ya kutoa fotokopi. Kochi likiletwa, alilipindua miguu juu, akang'oa kitambaa cha zamani kwa koleo, akakung'uta vumbi la miaka ishirini na vyote vilivyojificha humo: kalamu, vibanio vya nywele, na mara moja meno bandia, ambayo mwenye kochi alikataa katakata kuyatambua mbele ya mkewe. Kisha alikaza mikanda upya, akafunga springi kwa kamba, akaweka gunia, sponji, na mwisho kitambaa kipya. Misumari midogo aliishika mdomoni, akawa anaitoa kwa ulimi mmoja mmoja hadi kwenye ncha ya nyundo yenye sumaku. Watu waliokuja kutoa fotokopi walisahau karatasi zao wakimtazama. Mkewe alizoea kusema kwamba mumewe ni mkimya kwa sababu mdomo umejaa misumari, ila siku za mapumziko hana kisingizio.

Ugonjwa ulimwanzia vidoleni alipokuwa na miaka arobaini na sita. Asubuhi aliamka navyo vimevimba, vigumu, vya moto. Mwanzoni alivilowesha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu hadi vilegee. Baadaye maji hayakutosha. Mkewe, Mama Pacha, akawa anamfunga vifungo vya shati kama mtoto anayekwenda shule, naye anaangalia dari. Siku moja nyundo ilimponyoka, na kochi alilokuwa analishughulikia likakaa wiki tatu miguu juu.

Rafiki yake mkubwa alikuwa na duka la dawa ng'ambo ya barabara. Mtaa mzima ulimwita Daktari, ingawa hakuwa daktari. Alisomea kuuza dawa kwa miezi michache tu, na jina lilimkaa kwa sababu alivaa koti jeupe na alikuwa hana haraka na mtu. Kwa miaka kumi na tano wawili hao walikuwa wakicheza drafti kila mchana juu ya sanduku lililopinduliwa mlangoni mwa karakana, wakitukanana kwa upendo. Wakati ule wa vidole, Fundi hakuweza hata kusukuma kete. Daktari alimsukumia yeye. Siku ya tatu alishindwa kuvumilia. Akavuka barabara, akarudi na pakiti ya vidonge vidogo vyeupe.

"Hivi vinatuliza uvimbe," alisema. "Meza viwili asubuhi ukishakula. Siku tano tu."

Siku ya tatu Fundi alifunga vifungo vyake mwenyewe. Akavifungua, akavifunga tena, akacheka peke yake chumbani. Siku ya tano kochi lilikuwa limekwisha. Siku ya saba, vidonge navyo vimekwisha, vidole vikarudi kuwa vilevile, pengine vibaya zaidi. Akavuka barabara.

"Nipe vingine."

Daktari alisita. "Hivi si vya kula kama karanga, Fundi."

Fundi hakubishana. Aliweka mikono yake juu ya kaunta ya kioo, ikakaa pale, imevimba na kupinda. Daktari aliitazama. Akafungua droo.

Siku tano zikawa miaka minane. Mama Pacha aliambiwa ni vitamini, na kwa kuwa mumewe alikula vizuri, alipiga nyundo vizuri na kunawiri, hakuona sababu ya kuuliza zaidi. Binti zao mapacha walimaliza shule, wakapata kazi, wakaolewa miji ya mbali, na seti za makochi walizopewa siku ya harusi alizishona baba yao kwa mikono yake. Mtu angemwambia wakati huo kwamba vidonge vile vina ubaya, angemwonyesha makochi.

Kidonda chenyewe kilianza kama jambo la kuchekesha. Lililetwa kochi la zamani la ofisi, zito, lenye springi zilizoshindiliwa kwa nguvu. Fundi alikata kamba moja kabla ya wakati wake, springi ikaruka, ikamkwangua muundi wa mguu wa kushoto. Ngozi ilikunjuka kama kona ya bahasha. Damu haikuwa nyingi. Alirudisha kile kipande mahali pake kwa kidole, akakifunga kwa kitambaa safi cha pamba, akaendelea na kazi. "Hata makochi yameanza kurudisha ngumi," alimwambia Daktari mchana, wakicheka.

Wiki mbili zikapita, kipande kile kikawa cheusi. Kikadondoka. Chini yake pakabaki shimo la upana wa vidole viwili, jekundu lililofifia, lisilouma sana wala kuvimba sana. Hilo ndilo lililomdanganya. Kidonda kibaya, kwa akili yake, ni kile kinachowaka moto. Hiki kilikaa tu, kimetulia, kama mgeni asiyeaga. Daktari alimfungulia vidonge vya rangi mbili, akamwagia unga wake ndani ya kidonda. Unga ukagandamana, ukawa gamba la njano. Mwezi wa pili kikaanza kutoa harufu. Mteja mmoja, mama wa makamo aliyeleta viti vyake vya kulia, alizungusha pua chumbani akauliza kama kuna panya amekufa ndani ya sponji. Fundi alisema ndiyo, na kwamba atamtafuta.

Jioni ile Mama Pacha alifungua kitambaa mwenyewe. Asubuhi alimvalisha viatu, akampeleka kituo cha afya.

Chumba cha kusafishia vidonda kilikuwa mwisho wa korido, chenye benchi nje na kitanda kimoja kirefu ndani kilichofunikwa plastiki. Aliyekiendesha alikuwa nesi mtu mzima, mpana wa mabega, ambaye wagonjwa wote walimwita Sista. Alikosha kidonda kwa maji ya chumvi, akaondoa gamba taratibu, akapima urefu na upana kwa rula ya karatasi, akaandika kwenye daftari.

"Baba, kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hakuna."

"Sukari? Presha? Vidonge vya maumivu?"

"Situmii kitu, Sista. Mimi ni mzima, ni mguu tu."

Hakuwa mwongo kwa tabia. Lakini alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba wakisikia watamnyang'anya, na wakimnyang'anya atarudi kufungwa vifungo vya shati. Basi akafunga mdomo. Akawa anakwenda mara mbili kwa wiki, anakaa kwenye benchi na wenzake, wanajuana kwa vidonda: yule wa moto, yule wa pikipiki, yule wa kisigino. Wa moto akapona, akaaga. Wa pikipiki akapona. Mwanamume wa kisigino, mzee kuliko wote, akapona naye. Watu wapya wakaja, nao wakapona. Rula ya Sista ilisoma vilevile mwezi wa tatu, wa nne, wa tano.

Siku moja Sista hakuchukua rula. Alimshika mkono, akakunja shati hadi kiwiko, akatazama mabaka. Akamtazama uso, duara na mwekundu mashavuni. Akavuta kiti.

"Baba, hapa tuko wawili tu. Unakula vidonge gani?"

Fundi alitazama plastiki ya kitanda. "Vidogo," alisema mwishowe. "Vyeupe."

"Tangu lini?"

"Miaka minane."

Sista hakugomba. Angegomba, ingekuwa nafuu. Alieleza kwa sauti ya chini, kama anayempa mtu habari za msiba. "Vidole vyako vilikuwa vinawaka, si ndiyo? Hivyo vidonge kazi yake ni kuzima. Lakini haviendi vidoleni peke yake, vinazima mwili mzima. Na kidonda ili kifunge, lazima kiwake kidogo kwanza. Damu ije, kivimbe, kioze kinachooza, nyama mpya iote. Wewe kila asubuhi unameza vidonge, unakizima. Na hiyo ngozi yako imekuwa nyembamba kwa vidonge hivyohivyo. Miezi yote hii mimi nimekuwa najaza pipa lililotoboka."

Mama Pacha alikuwa ameingia kuuliza kama wamemaliza. Alisimama mlangoni. "Vitamini?" alimuuliza mumewe.

Fundi aliteremsha mkono wa shati.

Daktari wa kituo, binti wa miaka isiyofika thelathini, aliagiza vipimo vya damu. Sukari nayo ilikuwa imepanda, kwa vidonge vilevile. Aliandika, akapiga mstari chini ya alichoandika, akasema mara mbili ili asikike: "Usiviache ghafla. Umenielewa, mzee wangu? Tutapunguza robo kwa robo, kwa miezi. Mwili wako una dawa yake ya aina hii, unaitengeneza wenyewe. Lakini umeletewa ya nje miaka minane, kwa hiyo umelala. Ukikata ghafla hautaamka kwa wakati."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Lakini kutoka pale hadi nyumbani alisikia neno moja tu, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akikizima kidonda. Mchana alivuka barabara na fimbo yake ya kutembelea. Daktari wa duka alikuwa anapanga maboksi.

"Wanasema ni vile vidonge."

Daktari aligeuka. Boksi likabaki mkononi. "Mguu?"

"Mguu, ngozi, uso, sukari. Vyote."

Rafiki yake alikaa juu ya ngazi fupi ya dukani. "Nilijua havifai kwa muda mrefu," alisema. "Hilo nilifundishwa. Kila mwezi nilisema, mwezi ujao nitamwambia. Halafu nakuona unapiga nyundo." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Nilitaka upate mikono yako, basi."

"Niliipata," alisema Fundi. Hakuwa na hasira. Aliitafuta moyoni akaikosa, na kuikosa kwake kukamchosha zaidi. Siku ile hawakucheza drafti.

Kesho yake asubuhi alimwaga vidonge vyote chooni, akavuta maji. Alijiona mwanamume. Alikuwa ameacha sigara namna hiyohiyo zamani, siku moja, bila kutangaza, na alidhani kuacha ni kuacha. Siku ya pili mwili ulikuwa mzito. Siku ya tatu alitapika kila alichokula. Siku ya nne alijikaza akaenda karakana, akainama kuokota mkasi, akashindwa kuinuka. Mtu wa fotokopi ndiye aliyemkuta sakafuni, baridi, jasho tele, anaongea maneno yasiyoeleweka kuhusu mikanda. Walimbeba kwa ubao wa kochi hadi hospitali.

Huko alitundikiwa dripu, na ndani ya dripu akapewa dawa ileile aliyoimwaga. Alipopata fahamu, yule daktari binti wa kituo alikuwa amefika kando yake, amekasirika na amechoka. "Nilikwambia usiache."

"Sikusikia vizuri, binti yangu."

"Ulisikia."

Ndipo alipoelewa hali yake ilivyo. Akimeza vidonge, mguu hauponi. Akiacha, anakufa. Katikati palikuwa na kijia chembamba cha kupunguza robo kwa robo, na hicho alikipita. Mama Pacha alihesabu vidonge mwenyewe kila asubuhi, akavikata kwa wembe, akampa kiganjani na kusimama hadi ameze. Hakumsamehe ule uongo wa vitamini, wala hakuutaja. Aliacha tu kumwamini kwa mambo madogo: akisema ameshakula, anakwenda kutazama sahani.

Miezi sita walikwenda hivyo. Na kidonda, kwa mara ya kwanza, kilijibu. Ukingo wake ukawa waridi. Rula ya Sista ikapungua, kidogo, kisha kidogo tena, hadi upana wa kidole kimoja. Sista alimwita mwenzake aje aone. Mama Pacha siku hiyo alinunua soksi mpya, jozi.

Lakini kadiri mguu ulivyofunga, mikono ilifungwa. Kila robo iliyokatwa ilirudi vidoleni. Walimpa dawa nyingine ya viungo, ya kumeza mara moja kwa wiki. Matumbo yaliikataa, damu ikaharibika, wakaisimamisha. Sasa haikuwa vidole tu, ni viwiko, mabega, taya. Misumari mdomoni haikuwezekana tena, maana kinywa hakikufunguka vizuri. Viti vya kulia vya yule mama wa makamo vilikaa bila nguo, mifupa mitupu ya mbao, hadi alipokuja kuvichukua mwenyewe. Mama Pacha alirudi kwenye vifungo vya shati. Akaongeza kumlisha. Fundi, aliyekuwa akikaza mkanda hadi ulie kama gitaa, alishindwa kushika kijiko.

Akavuka barabara. Ilimchukua karibu saa nzima.

"Nipe viwili tu," alisema. "Kwa leo."

Daktari alitikisa kichwa.

"Nakuomba, ndugu yangu."

"Siwezi. Mguu unapona."

"Mguu unapona ili uende wapi?"

Daktari alianza kulia pale nyuma ya kaunta, mtu mzima, na koti lake jeupe. "Sikupi, Fundi. Nilikupa mara ya kwanza kwa kukupenda. Sasa hivi nakunyima kwa hilohilo. Nisamehe."

Fundi alimtazama kama mtu asiyemjua. Kisha akageuka. Mtaa wa nyuma palikuwa na duka lingine la dawa, lenye kijana ambaye hakuinua macho kwenye simu yake. Alimpa pakiti mbili bila kuuliza jina.

Alizificha ndani ya sponji la kochi lake mwenyewe, la nyumbani. Baada ya siku tatu aliweza kushika kijiko. Mama Pacha alidhani ni dawa za hospitali zimeanza kufanya kazi, akamshukuru Mungu kwa sauti. Wiki ya pili Sista alifungua bandeji, akapima, akapima tena. Alimtazama usoni, mashavu yanayorudi kujaa, akaandika kwenye daftari, akaenda kunawa mikono.

Wadudu waliingia kidondani kimyakimya, kama kila kitu katika mwili ule uliozimwa. Hakukuwa na homa ya kuonya. Mfupa ulipopigwa picha ulionekana umeliwa upande. Waliukata mguu chini ya goti. Daktari wa upasuaji alieleza kwamba kidonda kipya cha kisu nacho lazima kifunge, na kwamba hataahidi. Alikuwa mkweli. Nyuzi zilipotolewa, mshono ulishika sehemu kubwa, ila katikati uliachia, pakabaki tundu.

Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Karakana sasa inauza vifuniko vya simu. Daktari alifunga duka, wanasema anauza vifaa vya ujenzi mahali fulani. Alikuja hospitali mara moja, akakaa kando ya kitanda saa mbili nzima, wakazungumza habari za mvua, na hakurudi. Fundi anaendelea kumeza vidonge, kiasi kidogo ambacho mwili hauwezi tena kuishi bila hicho, na kiasi hicho hakitoshi mikono wala hakiuachi mguu upone. Anakaa dirishani mikono mapajani. Vidonge vya kuficha havipo tena. Mama Pacha alivikuta alipokung'uta kochi, akavibeba hadi mbele yake, na yeye akasema tu, "Tupa." Akatupa.

Asubuhi na jioni mwanamke huyo ananawa, anafungua bandeji, anakosha tundu kwa maji ya chumvi kama Sista alivyomfundisha, anafunga. Mapacha hupiga simu kila Jumapili, kwa zamu, na wote huuliza swali moja, baba anaendeleaje. Zamani mama yao alikuwa akieleza: leo kimepungua, leo kimetoa maji, wamebadilisha dawa. Siku hizi anaegemeza simu begani huku akikunja bandeji zilizokauka kambani, na jibu lake ni neno moja.

"Yupo."